Wi-Fi ipo nyumbani lakini bando la simu linaisha haraka kuliko zamani, linakwenda wapi?

BintMkunazini:
Asalam aleikum jamani, naomba mnisaidie mana nshachoka. Sisi tunakaa Mkunazini ndani ndani huko, nyumba ya kizamani ya mawe. Mwezi uliopita kaka yangu katia Wi-Fi, ruta iko sebuleni juu karibu na dirisha la njiani, analipa kwa mwezi na haina kikomo, basi mie nkajua sasa bando ni la kazini na njiani tu. Naunga GB 3 za wiki. Kabla ya Wi-Fi zilikuwa zinanifikisha siku tano sita, sasa Wi-Fi ipo na siku ya tatu napata meseji umetumia asilimia 75, siku ya nne hamna kitu! Na mara nyengine naamka alfajiri hata simu sijaishika meseji nshaikuta. Simu ni Samsung, data naiacha wazi siku zote mana niliambiwa simu ikishika Wi-Fi haigusi bando. Ni kweli au si kweli? Mama yeye anasema majirani wamepata paswedi yetu ndo wanaomaliza bando langu.

fundi_Darajani:
Waalaykum salaam dada. Alokwambia kasema kweli ila kaacha nusu ya maneno. Wi-Fi na bando ni mifereji miwili, maji ya huu hayapiti kwenye ule, kwahiyo mama mtoe wasiwasi, jirani hata akiwa na paswedi atapunguza spidi ya nyumba lakini hawezi kukugusa bando la laini yako hata MB moja. Anaehama mfereji ni simu yenyewe. Simu nyingi siku hizi zikiona Wi-Fi imelegea zinarukia data ya laini bila kukuuliza, ili video isikatike, na wewe umelala kitandani unajua uko kwenye Wi-Fi ya kaka.

Sasa nikuulize, chumba chako kiko nyuma? Mana mie kazi yangu hii, nshaingia nyumba nyingi za Mji Mkongwe kufunga ruta, zile kuta za mawe na chokaa nyengine nene nusu mita, ukivuka ukuta mmoja tu 5GHz, yale mawimbi ya Wi-Fi ya kasi, imekufa, 2.4GHz inayopenya zaidi inajitahidi, ukivuka wa pili hata hiyo inafika inakoroma. Ruta ya dirishani njiani watu wanaopita uchochoroni wanaipata vizuri kuliko wewe wa ndani.

Ingia kwenye setingi, sehemu ya matumizi ya data, utaona data ya simu na Wi-Fi zimewekwa mbali mbali, na ukigusa hiyo ya data ya simu itakutajia programu moja moja imekula ngapi. Usikisie, angalia kwanza hapo. Halafu kwenye setingi za Wi-Fi, zile za ndani zaidi, kuna kiswichi cha kuhamia data ya simu Wi-Fi ikiwa mbovu, kizime. Na hiyo ya alfajiri mie nashuku bakapu, yaani simu kuweka nakala ya vitu vyako mtandaoni, WhatsApp na Google Photos hupenda kupandisha vitu usiku simu ikiwa imetulia, ziwekee zitumie Wi-Fi peke yake.

Kikwajuni_Juu:
Fundi kasema yote ila umeme hajautaja. Umeme ukikatika ruta inazima, simu haizimi, inahamia kwenye bando na video inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ramadhani ilopita baada ya futari umeme ulikatika, sote tukatoka barazani kutafuta upepo, watoto na simu yangu wanaangalia katuni, mie naongea na wazee sina habari, ulivyorudi umeme GB 2 zishakwenda na nilikuwa nimeziunga mchana ule ule. Iliniuma kweli mana ndo nilikuwa nategemea kwa kazi wiki nzima. Sasa nimenunua pawabenki ya ruta, ile ya volti 12, umeme ukikatika ruta inabaki hai saa mbili tatu. Na wenye iPhone kaangalieni chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu kuna kitu kinaitwa Wi-Fi Assist, kinakuja kimewashwa tokea dukani, na pembeni yake kimeandikwa kimekula kiasi gani.

MamaWete:
Na sie wa Pemba nisemee letu. Watu wengi huku wakisema Wi-Fi ya nyumbani wanakusudia hotispoti ya simu ya mtu, na kwangu ilikuwa hivyo, hotispoti ya mume wangu. Tableti ya mtoto ikishika ile mara nyengine inaona ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyengine, haijui kama nyuma yake kuna bando la mtu, basi inaanza kuapdeti programu zote, michezo, kila kitu, na mume wangu bando lake linakauka usiku mmoja, tukagombana bure. Dawa yake kwenye tableti unagusa jina la ile hotispoti, unaiwekea ihesabiwe kama mtandao wa kulipia kwa kipimo, hapo apdeti kubwa zinasubiri.

BintMkunazini:
Ahsanteni sana wallahi. Fundi chumba changu ni cha nyuma kweli, kuta mbili kutoka sebuleni, na kila usiku naongea na dada yangu alieko Uingereza kwa video ya WhatsApp nimejilaza huko huko. Nimeangalia kama ulivonielekeza, wiki hii data ya simu GB 2.6: YouTube 1.1, Google Photos 0.9, WhatsApp 0.4, vilobaki vidogo vidogo. Hiyo Photos nimeijua, harusi ya binamu yangu nimerikodi video nyingi sana, zilikuwa zinapanda usiku. Na YouTube kabla ya Wi-Fi nilikuwa siangalii kabisa, nimeizoea sasa kwa kuona ya bure. Swali moja, nikizima data kabisa nikiwa nyumbani simu za kawaida zitaingia?

fundi_Darajani:
Zitaingia na meseji za kawaida zitaingia, data ni kitu mbali. Zima ukifika mlangoni, washa ukitoka. Na mwambie kaka ruta aitoe dirishani, aiweke katikati ya nyumba juu juu, penye ngazi ni pazuri mana hapana ukuta wa kuzuia kwenda juu na chini.

BintMkunazini:
Narudi kuwajuza. Kaka kaihamishia penye ngazi, ilibidi tununue waya mrefu, chumbani sasa napata vijiti viwili na dada yangu hagandi tena. Data naizima nikiingia ndani, Photos na bakapu nimezifungia Wi-Fi tu. Leo siku ya sita na nimebakiwa na GB 1.2. Mama bado anataka paswedi ibadilishwe, tumeibadilisha.