Kisu cha babu cha mwaka 1943 kimeshika kutu: nikisafishe kwa kiasi gani?

Mjukuu wa Keya (Tanga)

Ndugu zangu, salaam. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) aliyepelekwa Burma, na kitu pekee cha vita tulichokikuta katika sanduku lake la bati ni kisu cha kukunja, kikiwa ndani ya ala ya ngozi. Mpini wake ni mweusi wenye vijimraba vya kushikia. Upande mmoja kuna ubapa na kifungulia makopo, upande wa pili kuna mwiba mnene wa chuma, na mwishoni pana pete ya kufungia kamba. Kwenye shina la ubapa ninasoma 1943 na mshale mdogo, lakini jina la mtengenezaji limeliwa nusu na kutu. Ubapa wenyewe unafunguka kidogo tu, kisha unagoma.

Fundi wa kunoa hapa sokoni ameahidi kukipitisha kwenye mashine ya jiwe king'ae kama kipya, na mama anapenda hivyo, kwa kuwa anataka kukiweka sebuleni. Mimi ninasita. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Kinoo

Ndugu, usikipeleke kwenye mashine. Jiwe linalozunguka kwa kasi hupasha makali moto, na ukiona chuma kimegeuka rangi ya samawati ujue ugumu wake umekwisha kupotea mahali hapo, kwa hiyo hakitashika makali hata ukinoe kila siku. Zaidi ya hayo, jiwe litafuta chapa, na bila ile 1943 na ule mshale utabaki na kisu kikuukuu kisicho na habari yoyote.

Anza na kiungo. Tia mafuta ya cherehani kwenye ekseli na katikati ya springi, uache siku mbili au tatu huku ukiongeza matone asubuhi na jioni, kisha uvute ubapa taratibu kwa kitambaa. Usitumie koleo, kwa sababu mfereji wa kuingizia ukucha ndipo mahali ambapo visu vingi vya zamani huvunjikia mikononi mwa wenye haraka. Ukianza kusogea, ufungue na kuufunga kidogo kidogo, na kila mara ufute uji mweusi utakaotoka.

Kutu ya ubapa ni ya aina mbili, na usizichanganye. Nyekundu, inayomeguka kama unga, ndiyo inayokula chuma na lazima iondolewe. Ile ya kijivu au nyeusi iliyoshikamana na chuma ni ngozi ya uzee, nayo hukilinda, basi iache. Nyekundu mimi huikwangua kwa sarafu ya shaba iliyolowa mafuta, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma na haiachi mikwaruzo. (Ninayoitumia ni senti kumi ya zamani yenye tundu, ya enzi za Mfalme George, wakusanya sarafu mnisamehe.) Msasa usiusogeze karibu na chapa.

Msafiri wa Bara

Mzee Kinoo amesema vyema, ila siku tatu ni nyingi. Changanya nusu kwa nusu mafuta ya gia na asetoni, ukitumbukize kisu chote usiku mmoja, na asubuhi kitafunguka chenyewe. Siki nayo huondoa kutu upesi, ingawa nakiri kwamba kisu changu kimoja nilikisahau ndani ya siki tangu Ijumaa hadi Jumapili, nikakitoa kikiwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Bi Hifadhi (Mombasa)

Ndugu Msafiri, mchanganyiko huo unafaa kwa boliti za lori. Vipini vyeusi vya vijimraba vya visu vya jeshi la Uingereza vya wakati ule kwa kawaida ni plastiki inayotokana na selulosi, na asetoni huiyeyusha. Mwenye kisu angeamka na kukuta ubapa mzuri na mpini ulio kama ubani.

Mwanangu wa Tanga, huo mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Utazame kwa kioo cha kukuzia: ukiwa ndani ya herufi C kisu ni cha Kanada, ukiwa ndani ya U ni cha Afrika Kusini, na ukiwa na I chini yake ni cha India. Mwiba ni wa kufumulia mafundo ya kamba. Kama babu yako alikuwa na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope, basi huenda sehemu ya hiyo kutu unayotaka kuisugua ilianzia huko.

Kisu usikirudishe katika ala. Ngozi hunyonya unyevu na ina tindikali za kutengenezea ngozi, na kwa hewa yetu ya chumvi miezi michache inatosha kuharibu kazi yote. Kipake mafuta ya mgando kidogo sana, na ala uiweke kando yake.

Mjukuu wa Keya (Tanga)

Ahsanteni. Nilifuata mafuta ya cherehani. Siku ya nne ubapa ulifunguka wote, na ulipofungwa springi ikatoa mlio ambao mama aliusikia akiwa jikoni, akaja na kuuliza kama ndicho kile alichokuwa akimenyewa machungwa utotoni. Habari za kuking'arisha hajazitaja tena. Mshale hauna herufi yoyote. Mwiba, hata hivyo, bado umegoma.

Kinoo

Mwiba huchelewa, maana hukaa umefungwa miaka mingi bila kutumiwa. Uongezee siku tano, na koleo liendelee kubaki sandukuni.