Sony W800 ya mkono wa pili, inatosha kwa picha za kawaida ama nibaki na simu?

jioni_dunga: Wadau habari zenu, niko Kisumu na natafuta kamera ndogo ya mfukoni, si ya biashara, ni ya kupiga watoto (picha jamani, si kiboko), harusi huko nyumbani Siaya na machweo pale Dunga. Kuna jamaa anauza Sony W800 anasema ni megapikseli 20 na inashinda simu yangu, ni ukweli?

mzee_wa_lenzi: Hizo 20 zisikupumbaze. Sensa yake (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) ni ile ndogo inaitwa 1/2.3, kama milimita 6 kwa 4.6 hivi, sasa wamefinyilia doti milioni 20 hapo ndani kila moja inaokota mwanga kiduchu. Mchana jua likiwaka itakupea picha safi kabisa, shida ni ukiingia kanisani ama kwa hema la harusi jioni, inapandisha ISO (yaani inakuza huo mwanga kidogo kwa nguvu) na picha inajaa chengachenga. Hapo simu mpya itaishinda mapema tu.

nakuru_kwetu: Mzee umesema kweli lakini umesahau zumu. Simu nyingi za bei ya chini ukizumu inakata picha na kuikuza basi, hii iko na zumu ya lenzi 5x, vioo vinasogea kweli. Ubaya tundu la mwanga la lenzi linaanza f/3.2 na ukizumu mpaka mwisho ni f/6.4 (namba ikipanda tundu ni dogo), yaani mwanga unabaki robo na kamera inakawia kupiga, kwa hivyo mkono ukitetemeka kidogo picha imeharibika. Nilienda nayo Lake Nakuru, vifaru wakikaribia barabara wanatoka vizuri, flamingo nao walikuwa madoa ya pinki tu. Kama unapenda ndege tafuta W830, hiyo ni 8x.

omena_fry: Mimi nitakukatisha tamaa, video ni 720p tu, si HD kamili, na haina waifai. Ukipiga harusi shangazi wote wanataka picha kwa WhatsApp sahii sahii na wewe unawaambia wangoje ufike kwa kompyuta 😂

jioni_dunga: Hapo kwa shangazi umenimaliza. Na nikienda kuiona nikague nini?

mzee_wa_lenzi: Iwashe uizime mara kadhaa, zumu mpaka mwisho urudi, sikiza kama lenzi inakwaruza ama inakwama, mchanga ukiingia hapo fundi atakula pesa kuliko bei ya kamera yenyewe. Halafu piga ukuta mweupe ukiwa umezumu, ukiona doa linakaa pahali pamoja kila picha hiyo ni vumbi ndani, na lenzi haitoki ati utaipanguza. Betri ni NP-BN, muulize kama ni ya kwanza, na uende na memori kadi yako.

nakuru_kwetu: Na fleshi pia ijaribu, wengi hawaigusi mpaka wafike nyumbani.

jioni_dunga: Sawa wakubwa. Machweo nitapiga na simu, hii ikipita hiyo mtihani ya lenzi naichukua ya mchana na watoto, lakini lazima ashushe bei.