Nimeuziwa safari ya Banda mwezi Julai, Run sijaiona, na pesa hawarudishi

Wakuu, nimerudi wiki iliyopita na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia chini ya mikarafuu. Siku zote nilitamani kwenda Maluku, kule Indonesia, karafuu zilikoanzia kabla hazijapitia Mauritius na kufika kwetu. Nikadunduliza. Nikapata wakala mtandaoni (simtaji jina) akaniuzia visiwa vya Banda, kwenye asili ya kungumanga: boti ya mwendo wa saa sita kutoka mji wa Ambon, usiku nne kisiwa cha Neira, siku moja kisiwa cha Run. Dola 640, zote mbele.

Nafika Ambon, boti haitoki. Bahari imechafuka. Mvuvi pale gatini akanicheka: "Julai?" Kumbe kusi la kwao linavuma miezi ileile ya kusi letu, na kila mtu anajua isipokuwa mimi niliyelipa. Wakala naye alijua, kauza tu. Nikakaa siku tatu kwa pesa yangu, mwisho nikapanda meli ya abiria, nikalala sitahani juu ya begi langu kama gunia la karafuu.

Neira penyewe ni pazuri, sisemi uongo. Mlima wa moto, Gunung Api, umesimama ng'ambo ya mkondo mwembamba, ukifungua dirisha ndio huo. Ulilipuka 1988 na njia za lava bado zinaonekana mpaka baharini.

Lakini mtembezaji wao! Katupandisha ngome ya Belgica, ya 1611, pembe tano, picha hapa, picha pale. "Waholanzi walikuja kufanya biashara." Basi, kamaliza. Nikamuuliza 1621 je? Akasema hayo ya zamani, twende tukale.

Ya zamani! Mwaka huo Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki, alikuja na majeshi ili kungumanga yote iwe ya kampuni yake. Wazee 44 wa Banda walikatwa vichwa na askari wa kukodi kutoka Japani. Watu wa visiwa wanakadiriwa walikuwa 15,000, wakabaki kama elfu moja. Wengine waliuawa, wengine walikufa njaa milimani, wengine wakapelekwa Batavia (Jakarta ya leo) utumwani. Mashamba wakagawiwa Wazungu, wakaletewa watumwa wengine wa kuchuma. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kufafanuliwa shamba la viungo na mtumwa vinahusiana vipi. Mimi nimevuka bahari kusikia hayo, wewe unaniambia twende tukale?

Na Run ndiyo iliyonipeleka. Kisiwa hicho kidogo Waingereza walikiachia Uholanzi kwa mkataba wa Breda, 1667, wao wakabaki na Manhattan, kule New York. Nikaambiwa mawimbi makubwa, hatuendi. Sawa, bahari haina ubishi. Basi nirudishieni ya siku hiyo! Jibu: "Hali ya hewa haituhusu."

Kitu kilichonipoza roho hata hakikuwamo kwenye ratiba. Bibi mmoja kisiwa cha Banda Besar, nje ya nyumba yake, kaanika basibasi kwenye mkeka, nyekundu pyu, vilevile mama yangu anavyoanika karafuu. Akapasua tunda mbele yangu: nyama ya manjano kama pera, ndani mbegu nyeusi imevishwa wavu mwekundu, ndio basibasi yenyewe. Nyama haitupwi, wanaitia sukari wanaila. Sisi kwetu tunaitupa, jamani. Nikamwambia kwa ishara kwamba kwetu kungumanga ni ya mabibi harusi, akacheka mpaka akakaa chini. Hakunidai hata senti.

Sasa nauliza: nililipa kwa kadi ya benki. Kuna aliyewahi kupinga malipo ya wakala wa nje akarudishiwa? Ulianzia wapi, benki ilikudai karatasi gani? Meseji zote za wakala ninazo, pamoja na ile aliyoniandikia mwezi Mei kwamba Julai "bahari inakuwa shwari".