Tupeane uzoefu: mechi ya Taifa Stars ambayo mpaka leo ukiikumbuka moyo unaenda mbio

Mwana wa Ilala

Wakuu habari za muda huu. Juzi kati nilikuwa nabishana na dogo mmoja wa nyumbani yupo form two, eti ananiambia bro Stars kwenda AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) mbona kawaida tu, tumeenda 2019, tukaenda Ivory Coast, tukaenda Morocco, kwa hiyo ni zamu zetu tu zinafika kama kawaida. Nikabaki namwangalia. Huyu hajui kati ya Lagos 1980 na Misri 2019 kuna miaka 39, yaani kuna watu wamezaliwa, wamesoma, wameoa, wamepata wajukuu na hawajawahi kuiona Stars AFCON hata siku moja. Sisi wengine tumekua tunaambiwa nchi hii ni kichwa cha mwendawazimu, kila mgeni anakuja kujifunzia kunyoa, na mzee Mwinyi aliposema vile hakuna aliyembishia maana ukweli ulikuwa pale pale uwanjani.

Sasa kila mtu aje na mechi yake. Ulikuwa wapi, uliisikiliza redioni au ulikuwa jukwaani, ulilia au ulishangilia. Ombi moja tu, mtu asituletee Usimba na Uyanga humu.

Fundi Redio

Mimi naanza na Ndola, Agosti 1979, na najua wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Nchi ndo imetoka vitani na Amin, hali ngumu, foleni kila duka. Dar tulikuwa tumewafunga Zambia 1-0, goli la Mohamed Rishard Adolph, kwa hiyo kule Ndola sare tu inatosha lakini nani alikuwa anaamini sare ugenini kwa Zambia ya wakati ule? Tulikuwa tumeizunguka redio moja ya mbao nyumbani kwa mzee mmoja jirani, watu mpaka nje dirishani, RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) inatangaza, sauti inakuja inapotea inakuja. Zambia wakapata lao. Pale ndo nikaona watu wazima wanaanza kuondoka kimya kimya mmoja mmoja, wanajifanya wana shughuli. Halafu dakika za mwishoni kabisa mtangazaji akapiga kelele Peter Tinoooo na redio ikakata!! Hatujui ni goli au kakosa. Bibi yake yule mzee ndo aliigonga ile redio kofi moja la nguvu ikarudi, 1-1, tumefuzu. Waliokuwa wameondoka walirudi mbio kusherehekea kama vile walikuwepo muda wote.

Kocha wa kutupeleka pale alikuwa Joel Bendera, Mtanzania mwenzetu, vijana wa leo wanamjua kwenye siasa tu. Nahodha Leodegar Tenga. Golini kuna Pondamali na Mambosasa. Lagos tulipangwa na Nigeria, Misri na Ivory Coast, kundi la shida, tukafungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga moja, mengine mawili Thuwein Ally. Hatukuona hata picha inayotembea, TV Bara tulikuwa hatuna, wenye TV walikuwa Zanzibar.

Kirumba Damudamu

Shikamoo mzee Fundi Redio, hiyo ya kuipiga redio kofi imenikumbusha marehemu baba 😂

Mimi ni Mwanza, Juni 2007, Senegal wamekuja uwanja wa Kirumba. Enzi za kocha Maximo hizo. Nyie wadogo hamwezi kuelewa yule Mbrazil alifanya nini kwa hii nchi, kabla yake mtu kuvaa jezi ya Stars mtaani alikuwa anaonekana kachanganyikiwa, yeye akaja akaanza kuhamasisha watu ghafla bendera kwenye daladala, bendera kwenye baiskeli, mama ntilie kafunga kitambaa cha bendera kichwani. Ndo Stars ilipokuwa ya watu. Sasa siku ile Kirumba imejaa mpaka watu wako juu ya miamba kule nje, Nizar Khalfan akaachia shuti kutoka mbali, mbali kweli, mimi nilikuwa upande ule ule niliuona mpira unavyoingia nikasahau nina mtoto wa dada yangu mabegani, namshukuru Mungu nilimdaka. 1-1 iliisha. Wiki mbili mbele tukaenda Ouagadougou tukawafunga Burkina Faso 1-0, Erasto Nyoni, tukawa tunajiona kabisa tuko AFCON ya Ghana 2008.

Halafu Septemba Msumbiji wakaja Dar wakatufunga 1-0. Mfungaji Tico-Tico. Kwetu hilo jina halitajwi.

Mtoto wa Keko

Msumbiji 2007 nilikuwepo. Kurudi nyumbani daladala nzima hakuna aliyemsemesha konda, tunalipa nauli kimya.

Jezi Namba Tisa

Ya kwangu wengi wataicheka maana ilikuwa kirafiki. Juni 2010 Brazil wanakuja Dar siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Sauzi. Kaka huyu hapa, Robinho huyu hapa, uwanja wa Taifa ule mpya. Tiketi bei si ya kitoto, nikauza simu yangu nikanunua, mpaka leo mke wangu hajui ile simu haikuibiwa. Tulipigwa 5-1 lakini nyie, goli la Jabir Aziz!! Uwanja ulilipuka kuliko magoli yote matano ya Brazil, watu wanakumbatiana na wasiowajua, mzungu mmoja pembeni yangu anauliza score ni ngapi kwani, nikamwambia tulia wewe, tumeifunga Brazil.

Kuna watu wanasema ule ulikuwa ujinga, kushangilia kufungwa tano. Sawa. Ila kwa mtu ambaye timu yake haijaenda popote tangu kabla hajazaliwa unataka ashangilie nini?

Kimya Kingi

Blida. 7-0. Sitaki kuongezea.

Mwalimu wa Zamu

@Kimya Kingi ngoja nikuongezee mimi. Novemba 2015, watu wanaisahau ile ya kwanza Dar ndo iliyoniuma zaidi. Tunaongoza 2-0 dhidi ya Algeria, Elias Maguli kafunga, Samatta kafunga, mashabiki tunaimba, kisha Slimani wao akarudisha yote mawili. Siku tatu baadae kule Blida ikawa saba. Wanafunzi wangu kesho yake waliniandikia ubaoni 7-0 kwa chaki kubwa nikaingia darasani nikaifuta nikaendelea na somo la mgawanyo. Na cha ajabu haikupita hata miezi miwili Samatta huyo huyo akachukua tuzo ya mchezaji bora Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndo maana mimi huwa nasema tatizo letu halikuwahi kuwa vipaji.

Mama Wawili

Haya sasa niachieni nafasi. 24 Machi 2019.

Hesabu za kufuzu AFCON ya Misri zilikuwa hivi, sisi tumfunge Uganda na Lesotho asishinde kule Cape Verde. Na ile Lesotho ndiyo iliyotufunga Maseru 1-0 mwezi wa kumi na moja, siku ile mume wangu alikula chakula cha usiku akiwa amegeukia ukuta. Kwa hiyo kwenda Taifa mimi ndo nilimlazimisha, yeye hakutaka, anasema siwezi kwenda kuuona msiba kwa miguu yangu. Tumefika saa nne asubuhi, jua kali, watoto tumewaacha kwa mama mkwe. Msuva akafunga la kwanza mapema tu, nikamwangalia hasemi kitu. Kipindi cha pili penalti, Erasto Nyoni yule yule wa Ouagadougou kaweka, hasemi kitu. Dakika chache Aggrey Morris kapiga kichwa la tatu, hasemi kitu, macho yako kwenye simu ya jamaa wa mbele anayefuatilia Cape Verde. Jukwaa zima lilikuwa hivyo, nusu tunaangalia mpira nusu tunaangalia simu, mtu anakuuliza "huko vipi" hakuulizi habari za nyumbani anauliza Lesotho. Ilipoisha 0-0 kule, jamaa wa mbele akainua simu juu kama anaonyesha kadi nyekundu. Mume wangu akakaa chini akalia. Mwanaume mzima, tuna miaka ya ndoa sijawahi kumuona analia hata kwenye misiba ya kwao.

Kesho yake Rais Magufuli akawaita wachezaji Ikulu akawapa viwanja Dodoma. Na sisi tungepewa hata uzio jamani, tulihangaika 😅

Jirani wa Kisumu

Mimi ni Mkenya na sitaki matusi. Hiyo raha yenu ya Machi si tuliwamalizia Juni kule Cairo kwenye AFCON yenyewe? Mliongoza mara mbili, Msuva, tukasawazisha, Samatta akawarudisha mbele dakika moja tu baadaye, half time mko 2-1 mnatuma voice notes kwa group ya kazi. Nikaweka simu chini. Johanna Omolo akasawazisha na Olunga akamaliza. 3-2. Lakini nitasema ukweli, sisi pia tulirudi nyumbani baada ya mechi ya Senegal, hakuna mtu alifika mbali.

Mwana wa Ilala

@Jirani wa Kisumu karibu sana ila hiyo ungeikumbuka kimoyomoyo tu.

Chizi Mkeka

San Pedro, Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast. Zambia wako 10 uwanjani tangu kabla ya mapumziko, Msuva ashatuweka mbele dakika ya 11, nimekaa banda umiza nimeweka mkeka (nimebeti) Stars inashinda, na hapo ndo ingekuwa ushindi wa kwanza kabisa wa AFCON tangu dunia iumbwe. Dakika ya 88 kona, Patson Daka, kichwa. Mkeka umekufa, ushindi umekufa, na mwenye banda akazima jenereta kabla hata refa hajapuliza anasema mafuta yameisha. Kumbuka kocha Amrouche alikuwa ashafungiwa kwa maneno yake kuhusu Morocco, timu yuko nayo Hemed Suleiman tunayemwita Morocco, kwa hiyo kufika pale tu ilikuwa kazi. DR Congo tukatoka 0-0 tukarudi na pointi mbili.

Yanga Damu

Bila wachezaji wa Yanga hiyo Stars ingekuwa

Mwana wa Ilala

Nilisema nini pale juu?

Binti Mkinga

Naona hamjafika kwenye mechi ya Tunisia, AFCON ya Morocco, 30 Desemba 2025. Tuko nyumbani Njombe tumejaa kwa ajili ya mwaka mpya, ukoo mzima, mvua inanyesha dishi linaleta chenga. Kocha ni Gamondi kapewa timu Novemba tu hapo. Tumefungwa na Nigeria 2-1, tumetoka sare na Uganda 1-1 na wao wakakosa penalti mwishoni nikafikiri mjomba anazimia. Sasa Tunisia wakapata penalti kabla ya mapumziko, 1-0. Mjomba akaenda kulala. Kipindi cha pili hakijakaa sawa Fei Toto akasawazisha, tukaanza kupiga hesabu kwenye karatasi ya daftari la mtoto, sisi na Angola pointi mbili mbili, tofauti ya magoli sawa, ila sisi tumefunga matatu wao mawili. Matatu!! Maana yake lile goli la Charles M'Mombwa tulilofunga kwenye mechi tuliyofungwa na Nigeria, ambalo siku ile kila mtu alisema la kufutia machozi, ndo lililotupeleka 16 bora. Nusu saa nzima iliyobaki tulikuwa tunamwomba Mungu mpira usiguswe na mtu yeyote.

Morocco wakatutoa 1-0, Brahim Díaz, kwao Rabat, na hatukucheza kinyonge. Mjomba mpaka leo anadai aliiona Tunisia yote.

Mkaguzi

Mnafurahia sana ngoja niharibu. AFCON nne, mechi 13, ushindi sifuri. Sare tano, vipigo nane, magoli tisa. Hatujawahi kushinda hata mechi moja ya fainali hizi. Hata 16 bora tumeingia kwa sare mbili. Napenda timu yangu ila rekodi ndo hiyo.

Kirumba Damudamu

@Mkaguzi hakuna uongo hapo ila ongeza na haya, Msuva kafunga AFCON tatu tofauti, 2019, ya Ivory Coast na ya Morocco. Na CHAN (ile ya wanaocheza ligi za ndani) ya Agosti 2025 hapa hapa uwanja wa Mkapa tuliwapiga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar mfululizo, tukatolewa robo fainali na hao hao Morocco 1-0. Mauritania ile goli la Kapombe dakika ya 89 mimi nilipoteza sauti wiki nzima. 2027 AFCON iko kwetu, Kenya na Uganda, hiyo sifuri itaondokea hapo.

Mkaguzi

Nitakuja na daftari langu.

Fundi Redio

Vijana mmesahau makombe. CECAFA (kombe la Afrika Mashariki na Kati) 1974 tulichukua Dar kwa penalti mbele ya Uganda, 1994 tukachukua Nairobi, Uganda tena, penalti tena. 2010 Dar tukawafunga Ivory Coast waalikwa 1-0, penalti ya Nsajigwa, kocha Poulsen. Hii ya 1994 nina stori yake ndefu, tulikuwa kwenye lori la mkaa kutoka Handeni na dereva ndo mwenye redio, na dereva mwenyewe Mganda. Nikipata chaji naileta.

Jirani wa Kisumu

Mzee leta hiyo ya dereva, hatulali.