Wajuzi wa hoki ya barafu: nawezaje kumjua fowadi wa Griffins atakayepanda Detroit?

Mwana-Fizi: Wakuu, habari za jioni. Niko Grand Rapids, Michigan, nilikuja kutokea Nyarugusu. Kazini tuna shindano: kila mtu anachagua mafowadi watatu wa Griffins, timu inayolea wachezaji wa Detroit Red Wings. Anashinda ambaye watu wake watacheza mechi nyingi zaidi NHL, ligi kuu ya hoki wanayocheza Detroit, ndani ya misimu mitatu. Jana nimemtazama tena mmoja, ana shuti la hatari, ila moyo hautulii. Nyie mnaangalia nini? Jina nalihifadhi, wenzangu wamo humu. Orodha inafungwa Ijumaa.

Mzee wa Pangani: Kijana, kamari haijengi. Mjomba wangu aliuza minazi yote kwa ajili ya karata.

Dada Kwizera: Mzee, hajauliza hilo. Mkuu, pointi peke yake zitakudanganya. Kuna wanaozivuna mpinzani akiwa na mtu nje kwa adhabu, na kule NHL nafasi hizo zina wenyewe. Angalia anafunga mangapi watano kwa watano, yaani timu zote zikiwa kamili, na kama kocha anamwamini kukaba dakika za mwisho. Wengi wakipandishwa huanzia mstari wa nne, lile kundi la mafowadi linalopewa dakika chache. Ana miaka mingapi?

Mwana-Fizi: Ni senta, fowadi wa katikati, ana mwili, anaongoza timu kwa pointi.

Dada Kwizera: Miaka?

Mwana-Fizi: 28. Lakini uzoefu nao ni kitu, msiudharau.

Dada Kwizera: Ndiyo maana umri hukuutaja! AHL, ligi ya Griffins iliyo chini ya NHL, ni ya kukuza: kila mechi, kati ya wachezaji 18 ukiacha makipa, 13 lazima wawe hawajavuka idadi fulani ya mechi za kulipwa. Mkongwe mara nyingi yupo kuwashika vijana mkono. Jonatan Berggren wa Griffins alipata pointi 64 msimu wa 2021/22, rekodi ya klabu kwa mchezaji wa msimu wa kwanza, akiwa na miaka 21. Msimu uliofuata akawa Detroit.

Kaka Muskegon: Mmenikumbusha 2017! Nilikuwa Van Andel Arena, uwanja wa nyumbani, Griffins wakibeba Kombe la Calder, ubingwa wa AHL, mbele ya Syracuse. Fowadi wao Tyler Bertuzzi pointi 19 katika mechi 19 za mtoano. Sauti ilinikauka siku mbili, mke wangu akadhani naumwa.

Mpekuzi: Hii ni chai. Leo Agosti, AHL inaanza Oktoba. Hiyo jana umemtazama wapi?

Mwana-Fizi: Marudio, kwenye simu. Nidanganye ili nipate nini?

Mpekuzi: Basi taja dau.

Mwana-Fizi: Dola 400. Ni zamu yangu ya upatu. Nimeshatoa, na mtunza fedha harudishi. Ila mimi sikukurupuka, nimewafuatilia hawa msimu mzima.

Mzee wa Pangani: Pesa ya upatu! Mama watoto anajua?

Mpekuzi: Sasa naamini. Chai haina uchungu hivi.

Dada Kwizera: Yameshatokea, tuokoe orodha. Mtoe huyo wa 28. Wengine wawili wakoje?

Mwana-Fizi: Mmoja winga, miaka 20, aliumia bega akakosa mechi nyingi. Huyo simtoi, hata mkinisema. Wa tatu senta, 22, pointi chache ila anatumwa kulinda ushindi.

Dada Kwizera: Wa tatu mbakishe. Bega la winga, alifanyiwa upasuaji?