Tupeane uzoefu: Mliovua gwanda la jeshi la Marekani mkarudi darasani, chuo kiliwapokeaje?

Mtoka_Killeen (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Najua humu tumo wengi tulioingia jeshi la Marekani, wengine kwa grini kadi ya bahati nasibu, wengine kwa mlango wa MAVNI, ule mpango wa wageni wenye viza, na sasa tumevua gwanda tuko vyuoni. Mimi nimetoka mwaka huu, nimeanza chuo cha jamii hapa Texas. Wiki ya kwanza mwalimu kanisimamisha, kanishukuru kwa utumishi wangu, darasa zima likapiga makofi. Saa mbili baadaye niko dirisha la ada naambiwa sijalipiwa na nisipolipa Ijumaa nafutwa kwenye masomo. Sasa nauliza wenye uzoefu: nini kilikusaidia na kukupa heshima kweli pale chuoni, na nini ni maonyesho tu? Ule mjadala wa kwa nini tulitumikia jeshi la "nchi ya watu" naomba tuuache nje.

Nesi_wa_Theluji
Karibu uraiani, mdogo wangu. VA, ile idara ya serikali ya veterani, hawatoi hela mpaka yule afisa wa chuo anayeshughulikia veterani awapelekee uthibitisho kwamba umejisajili, masomo gani, uniti ngapi. Wenyewe wanamwita SCO. Mjue huyo kabla hujamjua mwalimu yeyote. Na hilo la kufutwa lisikutishe: kuna sheria ya 2018 inayokataza chuo kukufungia darasa au kukupiga faini eti VA wamechelewa, ilimradi umeshawapa cheti chako cha kustahiki. Peleka hicho cheti kesho asubuhi, omba wakugongee muhuri kwamba wamekipokea.

Wa kwangu hapa Minnesota alikuwa mama wa makamo, hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Alinikalisha, akachukua penseli na karatasi akaanza kunichorea: una miezi 36 ya GI Bill (ule mpango wa serikali wa kuwalipia veterani masomo), mhula huu unakula kiasi hiki, ukisoma kiangazi unabakiwa na hiki. Akapigia mstari chini mara mbili: posho ya nyumba inakuja mwezi ukishaisha, na siku za likizo kati ya mihula hazilipwi, kwa hiyo kodi ya Januari ianze kuwekwa pembeni Oktoba. Jeshini tulikaa kwenye semina za kuagana na jeshi hadi tukasinzia na hakuna aliyenieleza hivyo. Ile karatasi ninayo hadi leo.

Bakari_Msimbazi
Mimi ni MAVNI. Kwa wasioujua, ulianza 2009, wakausimamisha 2016. Walichukua watu wenye viza halali waliojua lugha walizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo. Nilikuja na viza ya mwanafunzi, ada ya wageni ikanishinda, nikaenda jeshini. Mwisho wa depo nikala kiapo cha uraia. Nilipomaliza mkataba nikarudi chuo kilekile, dirisha lilelile. Ukiwa umetumikia miezi 36 jeshini unapata asilimia 100 ya GI Bill: ada yote ya chuo cha serikali, vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka, na posho ya nyumba wanayoikokotoa kama ya sajenti mwenye familia, kufuata mahali chuo kilipo. Yule karani hakunikumbuka. Mimi nilimkumbuka vizuri sana 😂

Kilichonichosha ni maswali. Kijana wa miaka 18, mko kundi moja la kazi ya darasani, anakuuliza kwa sauti, "Uliwahi kuua mtu?" Mimi nilikuwa fundi wa majenereta, bwana. Nikimjibu hivyo anasikitika, kama nimemwibia sinema.

Kilichonisaidia ni chumba cha veterani. Si kikubwa: sofa mbili zilizobonyea, mashine ya kahawa, printa isiyodai hela. Pale hakuna anayekuuliza kitu. Kuna jamaa mmoja wa Alabama, mzungu, tulikuwa hatuna la kuongea zaidi ya mpira wao ule wa kushika mikononi. Siku nilipokosa wiki nzima darasani, yeye ndiye aliyegonga mlango wangu. Chuo kilikuwa hakijajua hata kama sipo.

Kijiwe_Nongwa
Samahani kwa uchokozi, ila heshima gani hapo? Mmekwenda kwa ajili ya ada, na ada mmepewa. Ngoma droo.

Mjukuu_wa_Keya
Mleta uzi amekataza, lakini nitajibu mara moja tu halafu ninyamaze. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwenye matope na malaria. Mwaka huohuo, tarehe 22 Juni, Rais Roosevelt wa Marekani alitia saini GI Bill ya kwanza. Babu alirudi Ukambani na medali na koti zito. Shule hakupelekwa na mtu. Hata Wamarekani weusi waliopigana vita vilevile, sheria haikuwataja kwa rangi, lakini vyuo vingi vya Kusini viliwafungia mlango na benki zikawapa kisogo walipotaka mikopo ya nyumba. Kwa hiyo ndiyo, ndugu yangu, nilienda kwa ajili ya ada na siuoni ubaya wake. Ni mkataba. Nimetimiza upande wangu. Ninachodai kwa chuo ni watimize wao bila kunizungusha, hayo makofi wabaki nayo.

Mama_Wawili_Kansas
Na sisi wake mtusikilize. Mume wangu alinihamishia GI Bill yake. Wanaotaka kufanya hivyo wajue: ni lazima awe bado kazini, ametumikia miaka 6, na akubali kuongeza 4. Akishatoka ndiyo basi tena, hata alie.

Chuo chetu Novemba 11 wanaandaa chakula, bendera, picha na rais wa chuo. Ni vizuri, sikatai, na biriani yao ya kimarekani ina chumvi ya kutosha 🙄. Lakini kuna mwaka walitutumia tangazo la keki mwezi Mei, "Heri ya Memorial Day". Jamani, ile Jumatatu ya mwisho ya Mei ni ya waliokufa! Walio hai siku yao ni Novemba. Mume wangu alilisoma, akaenda gereji akakaa huko hadi jioni. Ana wenzake wawili siku hiyo ni yao.

Aliyeniheshimu mimi ni mwalimu wa takwimu. Mume alipopata tarehe ya kuondoka ikagongana na mtihani, nikaenda na maelezo marefu niliyoyakariri. Hakuyasikiliza yote. Alifungua kalenda akaniuliza, "Jumanne au Jumatano?"

Bukavu_Louisville
Habari zenu wandugu. Mimi mtu wa Bukavu, nilifika Kentucky kama mkimbizi, nikaingia jeshi, nikatoka, nikaingia chuo. Katikati ya mhula mama akazidiwa kule nyumbani, nikatakiwa kusafiri. Wenzangu wakanitisha: ukiacha masomo VA watakudai kila senti kuanzia siku ya kwanza. Nikawa nafikiri nibaki kwenye orodha tu, nipate F.

Nikapita kwanza ofisi ya veterani. Wakaniambia mara ya kwanza VA wanakusamehe hadi uniti 6 bila kuuliza sababu, hesabu ya deni inaanza siku uliyoacha. Ya kwangu ilikuwa 6 kamili. Barua ya deni ilikuja, ndiyo, lakini ya kiasi kinachobebeka, nikaomba kulipa kidogokidogo, wakakubali. Mama nilimzika mwenyewe. Nilirudi mhula uliofuata.

Mtoka_Killeen
Pole sana ndugu yangu wa Bukavu. Wakuu, cheti nimepeleka, muhuri umegongwa, jina limerudi kwenye orodha. Swali la mwisho: kiangazi nikichukua somo moja la mtandaoni, posho ya nyumba itakuja?

Dawati_la_Veterani
Nafanya kazi ofisi hiyo chuoni kwetu, kwa ule mpango wa VA wa kulipa wanafunzi veterani kwa saa, naona swali hili kila Mei. Posho inataka uwe umezidi nusu ya mzigo kamili. Kwa mihula mifupi hesabu inabadilika, somo moja laweza kutosha au lisitoshe, kwa hiyo SCO akukokotolee kabla hujajisajili. Halafu masomo yako yote yakiwa ya mtandaoni, posho inashuka hadi nusu ya wastani wa taifa. Ongeza hata moja la kukaa darasani. Na ule ujumbe wa simu wa kila mwezi unaouliza kama bado unasoma, ujibu siku hiyohiyo. Ukiukalia miezi miwili mfululizo posho inasimama, na kuirudisha ni kupiga simu. Piga asubuhi mapema.