Kiwanda kimetupunguza kazi kwa sababu ya vitenge vya kutoka nje: je, Serikali ina msaada wowote kwa watu kama sisi?

Mfumaji wa Ilemela (mtoa mada)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mtu mzima wa miaka 44, na kwa miaka 13 nimekuwa mwajiriwa wa kiwanda cha nguo hapa Mwanza, kwanza upande wa kusokota nyuzi na baadaye kwenye mashine za kufuma. Wiki mbili zilizopita tuliitwa bwaloni, tukaelezwa kwamba vitenge vinavyoingia kutoka nje vinauzwa kwa bei ambayo sisi hatuwezi hata kununulia pamba, na kabla ya jua kuzama kila mmoja wetu alikuwa ameshika barua ya kupunguzwa kazi. Sipingi kwamba biashara ni ngumu. Nimeona kwa macho yangu jora la mgeni lililonakili chapa yetu, maua, rangi na hata maandishi ya kwenye ukingo, tofauti ikiwa ni wepesi wa kitambaa tu.

Ninaomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, nimesikia kwamba huko Marekani mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje hulipwa na kusomeshwa na serikali, hivyo ningependa kujua kama hapa kwetu kuna utaratibu unaofanana na huo. Pili, ofisi ya rasilimali watu inatutaka tusaini karatasi inayosema "sina madai yoyote" ndipo tuandikiwe hundi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 390,000.

Bibi Pamba

Pole sana, kaka. Usisaini hiyo karatasi kabla ya kuona hesabu yako iliyochanganuliwa, kipengele kwa kipengele. Wataalamu watakujibu mengine.

Wakili wa Kona

Pole, ndugu yangu. Nianze na swali lako la kwanza kwa sababu jibu lake ni fupi: hapa Tanzania hakuna mfuko maalumu wa wafanyakazi walioathiriwa na bidhaa za nje. Sheria haiulizi kama kiwanda kimeshindwa na kitenge cha mgeni, na umeme au na mkopo wa benki; zote hizo huitwa sababu za kiuendeshaji. Unachokitafuta, kwa hiyo, kimegawanyika sehemu mbili, yaani deni la mwajiri wako na fao la mfuko wako wa hifadhi ya jamii.

Tuanze na mwajiri. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe nyaraka zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale ambapo hakuna chama, kuhusu sababu za upunguzaji, njia za kuuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, wakati wa kuutekeleza na malipo yatakayotolewa. Kuwaita watu bwaloni asubuhi na kuwagawia barua jioni si mashauriano. Kama mambo yalikwenda hivyo ulivyoeleza, mna hoja ya kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Muda wa kulalamikia uhalali wa kuachishwa kazi ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na wewe umekwisha kutumia karibu nusu yake.

Malipo yako ni haya: mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28), likizo ambayo hukuichukua, kiinua mgongo, na cheti cha utumishi. Kama uliajiriwa ukiwa mkoa mwingine, wanadaiwa pia nauli yako na ya mizigo yako hadi mahali ulikoajiriwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini sheria inaishia kwenye miaka 10, hivyo miaka yako 3 ya juu haimlazimu mwajiri isipokuwa kama mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) unasema vinginevyo. Angalia sana kigawanyo. Kwa mtu anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26, na kwako siku moja ni shilingi 15,000, siku 70 ni shilingi 1,050,000. Wahasibu wengi wa viwandani hugawanya kwa 30, na kwa njia hiyo wewe ungepata shilingi 910,000 bila kujua kilichopungua.

Mkongwe wa NSSF

Niongezee upande wa mfuko. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikisha miaka 55, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake wala kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 6. Kwa mshahara wako ni takriban shilingi 130,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na wengi wetu bado tuna kinyongo kwamba ndilo lililochukua nafasi ya fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako unapotoka kazini, lakini kinyongo hakilipi kodi ya nyumba, kadai kilichopo. Nenda na barua ya kupunguzwa kazi, kitambulisho cha NIDA na taarifa za akaunti yako ya benki, na siku hiyohiyo omba taarifa ya michango yako yote.

Kijana wa Ohio

Nimeishi Marekani kwa muda mrefu, na ningependa mtoa mada asiiwazie nchi hii makubwa kupita kiasi. Mpango aliousikia ulikuwepo kweli. Ulianza mwaka 1962 na ukapanuliwa kwa sheria ya biashara ya mwaka 1974. Wafanyakazi watatu tu wa kiwanda kimoja waliweza kuandika ombi kwa Wizara ya Kazi, na wizara ikithibitisha kwamba bidhaa za nje zilichangia kuwaondoa kazini, walilipiwa mafunzo na kupewa posho baada ya malipo ya kawaida ya kukosa kazi kwisha. Wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokubali kazi ya mshahara mdogo waliweza kufidiwa nusu ya pengo hilo, hadi dola 10,000 ndani ya miaka miwili. Bunge halikuuhuisha, na tangu tarehe 1 Julai 2022 wizara haichunguzi maombi mapya. Leo mfanyakazi wa hapa aliyeshindwa na bidhaa za nje hupanga foleni moja na wengine wote waliopunguzwa kazi.

Mfumaji wa Ilemela (mtoa mada)

Nawashukuru sana. Nimekwenda NSSF na kukuta kwamba kuna miezi ambayo hati zangu za mshahara zinaonyesha nimekatwa, ilhali kwenye taarifa ya mfuko michango haionekani. Je, hilo linaninyima fao? Na je, sisi wafanyakazi tunaweza kulalamika kuhusu hivi vitenge vyenyewe?

Mkongwe wa NSSF

Ikiwa miezi inayoonekana inavuka 18, sifa ya kupata fao unayo. Ile iliyokosekana ipelekee mfuko malalamiko kwa maandishi, uambatanishe nakala za hati za mshahara, kwa sababu kumdai mwajiri michango ni kazi ya mfuko. Nakala tu, hati halisi zibaki kwako.

Wakili wa Kona

Kuhusu vitenge, tenganisha mambo. Jora lililonakili chapa yenu ni bidhaa bandia, na hilo ni la Tume ya Ushindani (FCC), ambayo mtu yeyote anaweza kuipa taarifa. Bei ya kutupa, yaani mgeni kuuza huku kwa bei ya chini kuliko anavyouza kwao, ni suala jingine: tunayo sheria yake ya mwaka 2004, lakini ombi hutakiwa kutoka kwa wazalishaji wenyewe, kwa hiyo ninyi mnaweza kuwasukuma kupitia chama chenu, si zaidi. Ushuru nao upo, maana tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza asilimia 35 kwa bidhaa za kundi la juu, mavazi yakiwemo. Hata hivyo ushuru mkubwa hausaidii kitu pale mzigo unapotangazwa bandarini kwa thamani ya chini.

Bibi Pamba

Kwa riziki ya baadaye, uliza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Wanampima mtu aliyejifunza kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani upya, na fundi wa mashine za kufuma mwenye cheti husikilizwa hata kwenye viwanda visivyo vya nguo. Wenzako wa kike waulize pia halmashauri kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, ambayo haina riba ila hutolewa kwa vikundi.

Mfumaji wa Ilemela (mtoa mada)

Tuko wengi tulioondolewa siku ile. Je, kila mmoja ajaze fomu yake huko CMA?

Wakili wa Kona

Si lazima. Jazeni Fomu Na. 1 moja, mmoja wenu asaini kwa niaba ya wote, na muambatanishe orodha yenye jina na sahihi ya kila mlalamikaji kuthibitisha kwamba amemruhusu. Nakala mpelekeeni mwajiri kwanza, mkiwa na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha ndipo mfungue shauri. Fanyeni hivyo wiki hii.